Alama na kosa lake vitangazwe pamoja

Mei 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi katika shauri la Freddie Lee Hall, mfungwa aliyekuwa akisubiri adhabu ya kifo katika jimbo la Florida. Mwaka 2002 mahakama hiyohiyo ilikuwa imepiga marufuku kumuua mfungwa mwenye ulemavu wa akili. Florida ilitii kwa kuchora mstari: mfungwa aliyepata 70 au pungufu katika mtihani wa akili angeruhusiwa kuleta ushahidi mwingine wa ulemavu wake, na aliyezidi hapo asingesikilizwa kabisa. Hall alikuwa na 71. Kwa kura tano dhidi ya nne, majaji waliufuta mstari huo. Walisema mtihani una kosa lake la upimaji linalofahamika, na kwamba mwenye 71 huhesabiwa kuwa yuko mahali fulani kati ya 66 na 76. Jaji Anthony Kennedy, aliyeandika uamuzi wa walio wengi, alisema ulemavu wa akili ni hali, si namba.

Kwamba mtihani ule ulikuwa na kosa hakunishangazi, kwa sababu hakuna mtihani usio nalo. Kinachonitia uchungu ni kwamba kosa hilo lilikwisha kupimwa na kuandikwa katika mwongozo wa mtihani wenyewe, na bado jimbo zima liliendesha mambo ya uhai na kifo kana kwamba halipo. Wanasaikolojia walilijua. Namba ilipofika kwa wanasheria, ilikuwa imefika peke yake. Hivyo ndivyo alama za mitihani ya shule, za usaili wa kazi na za vipimo vya kumbukumbu hospitalini zinavyosafiri kila siku. Mtunga mtihani anajua ukubwa wa kosa, mtoa uamuzi haambiwi, na anayeamuliwa hana hata fununu. Naamini jambo hili ni la kudai, na kulidai waziwazi: alama yoyote itakayotumika kumpandisha mtu, kumshusha au kumnyima kitu itolewe pamoja na kiasi cha kosa lake.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanauchumi Francis Edgeworth aliandika kuhusu nafasi ya bahati katika mitihani ya ushindani, akiichukulia alama ya mtahini kama kipimo kingine chochote cha kisayansi, chenye makosa yanayoweza kukokotolewa. Mwaka 1904 Charles Spearman, mwanasaikolojia Mwingereza, alionyesha kihesabu jinsi makosa ya upimaji yanavyopotosha uhusiano kati ya vitu viwili tunavyovipima. Kutokana na kazi hizo ilikua nadharia inayotumika hadi leo: alama tunayoiona ni jumla ya sehemu mbili, ile ambayo mtu angeipata kwa wastani kama angepimwa mara nyingi bila kikomo, na kosa la siku ile. Uaminifu wa mtihani ni kiasi gani cha tofauti kati ya watu kinatokana na sehemu ya kwanza. Huandikwa kwa namba kati ya 0 na 1. Ukiwa 0.90, tunasema asilimia 90 ya tofauti za alama ni tofauti za kweli kati ya watu, na asilimia 10 ni kelele tu.

Kelele hiyo inatoka wapi? Watu wengi wakiulizwa hutaja hali ya mtahiniwa: alilala vibaya, anaumwa, ana hofu. Hayo yapo, lakini ni sehemu ndogo ya habari. Sehemu kubwa zaidi hutoka kwenye maswali. Mtihani wa historia wenye maswali 40 ni sampuli ya maelfu ya maswali ambayo yangeweza kuulizwa kutoka mada zilezile. Mwanafunzi anayeifahamu robo tatu ya mada anaweza kukutana na karatasi iliyoegemea robo asiyoijua. Mwenzake mwenye ujuzi uleule anakutana na karatasi iliyoangukia upande wake. Hakuna aliyekosea hapo, si mtunzi wala mtahiniwa, na bado alama zao zitapishana.

Halafu kuna msahihishaji. Mwaka 1912 Daniel Starch na Edward Elliott walichapisha nchini Marekani utafiti ambao kila anayesahihisha insha angepaswa kuujua. Walituma nakala za karatasi zilezile za Kiingereza kwa shule nyingi na kuomba walimu wa somo wazisahihishe. Majibu ya walimu 142 yalionyesha karatasi moja ikipewa alama kuanzia 64 hadi 98. Wakosoaji walisema, bila shaka, lugha ni jambo la ladha, hesabu isingetoa mtafaruku kama huo. Mwaka uliofuata watafiti walewale walirudia zoezi kwa karatasi ya jiometri. Mtawanyiko ulikuwa mkubwa zaidi: kulikuwa na walimu waliotoa alama chini ya 30 na wengine zaidi ya 90 kwa kazi ileile, mwandiko uleule, michoro ileile. Ukifikiri kidogo, haishangazi. Jibu la jiometri lina matokeo, lina njia, lina mpangilio, na kama walimu hawajakubaliana kila kimoja kina uzito gani, kila mmoja anapima kitu chake.

Maswali ya kuchagua jibu yalienea kwa kasi kuanzia muongo huo, na Jeshi la Marekani lilipowapima askari zaidi ya milioni moja na nusu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mtindo huo ukawa ndio sura ya mtihani wa kisasa. Tatizo la msahihishaji liliondoka kweli. Yakabaki mawili: sampuli ya maswali na kubahatisha. Chukua jaribio la maswali 10 ya kweli au si kweli. Asiyejua chochote, anayejibu kama anayerusha sarafu, ana nafasi ya takriban asilimia 17 kupata 7 au zaidi. Kati ya watu sita wasiojua kitu, mmoja atatoka na alama ya kujivunia. Maswali yakiwa 40 yenye majibu manne kila moja, hatari hiyo hupungua sana, kwa sababu mbahatishaji kwa wastani hupata 10 na ni nadra kufika 16. Urefu wa mtihani ni kinga, na ndiyo maana majaribio mafupi mafupi, hasa yale ya kwenye simu yanayodai kupima akili yako kwa dakika tano, hayastahili kubeba uamuzi wowote.

Lakini kwenye urefu ndiko pia kulikojificha ujanja. Spearman na William Brown, kila mmoja peke yake, walitoa mwaka 1910 kanuni inayoonyesha uaminifu unavyopanda maswali yakiongezwa: mtihani wenye 0.60 ukiurefusha mara mbili kwa maswali ya aina ileile, utafika 0.75. Mwaka 1937 watafiti Kuder na Richardson walitoa kanuni za kukadiria uaminifu kutokana na kikao kimoja tu, na mwaka 1951 mwanasaikolojia Lee Cronbach akaipanua hesabu hiyo ikawa alfa inayobeba jina lake. Leo ni vigumu kukuta tasnifu ya elimu au saikolojia isiyoitaja. Mtafiti anaandika kwamba alfa ilikuwa 0.84, msimamizi anatikisa kichwa kukubali, na mjadala wa uaminifu umekwisha.

Haukupaswa kuishia hapo. Alfa hutazama jinsi maswali ya karatasi moja yanavyokwenda pamoja katika kikao kimoja. Haijui kama mtu huyo angepata alama ileile wiki ijayo. Haijui kama msahihishaji mwingine angekubali. Na inaweza kupandishwa kwa njia mbaya kabisa: uliza jambo moja mara nane kwa maneno tofauti, majibu yatafanana, alfa itapaa, na utakuwa umepima kona moja ya somo huku ukitangaza kwamba umelipima somo zima. Cronbach mwenyewe aliliona hili. Katika makala iliyochapishwa mwaka 2004, miaka mitatu baada ya kifo chake, alisema kwamba hakuiona tena kanuni ya alfa kuwa njia inayofaa zaidi ya kuchunguza data nyingi, na kwamba taarifa moja iliyo muhimu kuliko zote kuhusu chombo cha upimaji ni ukubwa wa kosa lake, wala si hiyo namba ya uaminifu. Najiuliza ni kwa nini maneno hayo ya mwenye kanuni hayasomwi kwa bidii ileile inayotumika kuikokotoa.

Sababu yake ni nzuri. Namba ya uaminifu hubadilika kulingana na kundi lililopimwa. Chukua mtihani wa akili wenye mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kuzunguka wastani, wa 15 na uaminifu wa 0.90 kwa watu wa kila aina. Kosa lake la upimaji ni kama alama 4.7. Sasa wape mtihani huohuo waombaji wa chuo ambao tayari wamechujwa, ambao mchepuko wao ni 10 tu. Kosa linabaki palepale, kwa kuwa karatasi haijabadilika, lakini uaminifu unashuka hadi takriban 0.78, kwa sababu tofauti za kweli kati ya watu hao ni ndogo. Kwa hiyo kampuni inayouza mtihani ikikuambia una uaminifu wa 0.90, swali la kwanza ni kwa nani. Kiasi cha kosa husema jambo linaloeleweka hata na mzazi: alama ya mtoto wako ni 104, na kama angepimwa tena kwa karatasi nyingine ya ugumu uleule, usishangae ikiwa 98 au 110.

Nafika sasa penye uzito wote wa suala hili, nao ni mpaka wa kufaulu. Kosa la upimaji halimdhuru kila mtu sawasawa. Aliye juu sana au chini sana, kosa la alama nne tano halimhamishi popote. Linamwangukia aliye karibu na mstari. Fikiria mtihani mzuri, wenye uaminifu wa 0.90, kiwango ambacho wataalamu wengi hukitaja kuwa cha chini kabisa pale mtihani unapoamua hatima ya mtu mmojammoja. Weka mpaka wa kufaulu katikati, nusu wapite na nusu wabaki. Kisha wape watu walewale karatasi ya pili iliyo sawa na ya kwanza kwa kila hali. Alama zikitawanyika kwa umbo la kawaida la kengele, hesabu inaonyesha kwamba watu 14 hivi katika kila 100 watabadilisha upande: waliofaulu watafeli, waliofeli watafaulu. Uaminifu ukiwa 0.80 ni 20. Ukiwa 0.70, ambao ripoti nyingi huuita wa kuridhisha, ni robo nzima.

Rudia hilo kwa utulivu. Hakuna aliyeiba mtihani, hakuna msahihishaji mzembe, hakuna aliyeumwa malaria siku ile. Ni karatasi nzuri, iliyotungwa na watu makini, na bado kwa mmoja kati ya saba matokeo yanategemea ni karatasi ipi kati ya mbili aliyoikuta mezani. Kisha tunawaita hawa waliofaulu na wale waliofeli, tunawatenganisha kwa miaka, na wenyewe wanaamini maisha yao yote kwamba wao ndivyo walivyo.

Wapo wanaojibu kwamba mstari lazima uchorwe mahali, nafasi zikiwa 100 haziwezi kupewa watu 130. Ni kweli, nami sipingi mistari. Ninachopinga ni kudai kwamba mtu wa 100 ana ujuzi zaidi ya wa 101. Kugawa nafasi ni jambo moja, kutangaza nani anajua ni jingine, na mtihani wenye kosa la alama nne hauna ushahidi wowote wa kutofautisha 61 na 60. Wengine wanahofia kwamba ukimwambia mwananchi alama ina kosa, ataacha kuuamini mtihani. Kura za maoni hutangazwa na kiwango chake cha makosa, na hakuna aliyezikimbia kwa sababu hiyo. Anayesoma hujifunza kutopiga kelele kwa tofauti ya asilimia moja. Imani inayohitaji kuficha kosa si imani ya kujengea shule.

Mambo huwa mabaya zaidi tunapopima maendeleo. Kila mahali sasa kuna hamu ya kujua mwanafunzi amepanda kiasi gani tangu mwanzo wa mwaka, au mwalimu fulani ameongeza nini. Njia inayoonekana wazi ni kutoa alama ya mwanzo kutoka alama ya mwisho. Lakini unapotoa, yale yanayofanana katika mitihani miwili hufutana, na makosa ya yote mawili hubaki na kujumlishana. Chukua mitihani miwili, kila mmoja una uaminifu wa 0.90, na uhusiano kati yao, ambao ungekuwa 1 kama alama zingekwenda pamoja kikamilifu, ni 0.80, jambo la kawaida kwa wanafunzi walewale. Uaminifu wa tofauti kati ya alama hizo ni 0.50. Nusu ya kile unachokiita maendeleo ni kelele. Kumpa mwalimu zawadi au karipio kwa msingi huo ni dhuluma, hata kama nia ni njema.

Katika upimaji wa utambuzi, yaani uwezo wa kukumbuka na kufikiri, hasa kwa wazee wanaochunguzwa kama kumbukumbu zinapungua, suala hili lina sura yake. Kipimo cha Montreal kinachojulikana kama MoCA, kilichochapishwa mwaka 2005, kina alama 30, na mpaka uliopendekezwa awali ni 26. Watunzi wake walijua kwamba elimu inaathiri matokeo, wakaagiza mwenye miaka 12 ya masomo au pungufu aongezewe alama moja. Ni uungwana, lakini alama moja haiwezi kumlinganisha aliyekaa darasani miaka minne na aliyekaa kumi na miwili. Kisha kuna mazoea: anayerudia kipimo kilekile baada ya muda mfupi huenda akakumbuka maneno au mchoro, apande bila afya yake kubadilika, na ndiyo sababu kuna matoleo mbadala ya kipimo hicho. Kuna pia masikio na macho. Mzee asiyesikia vizuri hukosa maneno ya kukariri kabla kumbukumbu yake haijaulizwa chochote. Daktari anayesoma 25 leo na 23 baada ya miezi sita, akaiambia familia kwamba ugonjwa unaendelea, anaweza kuwa anaisomea familia kosa la upimaji. Hata kwa kipimo kama ule mtihani wa akili wa juu, wenye mchepuko wa 15 na uaminifu wa 0.90, badiliko la mtu mmoja linapaswa kufika alama 13 hivi ndipo tuseme kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba si kelele. Ni watu wangapi wamebadilishiwa dawa, au kunyimwa usimamizi wa mali yao, kwa tofauti ambayo haikuzidi kelele ya kipimo chao?

Niongeze jambo moja ambalo kiasi cha kosa hakiwezi kulionyesha. Mwaka 1931 na 1932 Alexander Luria, mwanasaikolojia wa Kisovieti, alikwenda Uzbekistan kuwahoji wakulima ambao wengi hawakuwa wamesoma. Aliwaambia: Kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe, Novaya Zemlya iko Kaskazini ya mbali, je, dubu wa huko wana rangi gani? Wengi walikataa kujibu. Walisema hawajafika huko, aulizwe aliyewaona. Huenda ungewarudia kesho na mwakani wakakupa jibu lilelile, na uaminifu wa swali ukawa wa juu sana. Lakini ukiandika kwamba hawawezi kufikiri kimantiki utakuwa umekosea, kwani walikuwa wakifuata kanuni ya busara, ya kutosema juu ya usichokiona, ambayo mtunga swali hakuihesabu. Mtihani unaweza kurudia kosa lilelile kwa uthabiti wa ajabu. Kwa hiyo uaminifu ni sharti la kwanza tu, na anayeuza mtihani kwa kutaja uaminifu peke yake hajajibu kama unapima anachodai kupima.

Ni nini kifanyike? Gharama ndiyo hoja ninayoisikia zaidi kutoka kwa wanaosimamia mitihani, na ni hoja ya haki: kusahihisha kila karatasi mara mbili kunahitaji watu, muda na fedha. Lakini kosa halihitaji kupiganwa kila mahali kwa nguvu sawa. Kama mpaka ni 50 na kosa la upimaji ni alama 4, basi walio kati ya 46 na 54 ndio ambao mtihani umeshindwa kuwaamua, na fedha za msahihishaji wa pili, za swali la mdomo, za kuangalia kazi za mwaka mzima, ziende kwao. Walio chini kidogo na walio juu kidogo wote watazamwe, kwa sababu kosa huwapandisha watu kama linavyowashusha. Karatasi ya mwenye 85 haina haja ya macho mengine. Ya mwenye 49 inayo, na ya mwenye 51 pia.